"Inflammable" na "flammable" zote zinashika moto? Hii "in-" ya Wazungu kazi yake nini hasa?

#1 Tenki Tupu
Wakuu, salaam. Mimi dereva wa tenki, Dar hadi Tunduma. Tajiri kanunua trela kuukuu, tumelipiga rangi upya, sasa yanatakiwa maandishi ya hatari kule nyuma. Fundi wa maandishi anachaji kwa herufi. Akaniuliza, "Niandike FLAMMABLE au INFLAMMABLE?" Nikamjibu kifua mbele: hiyo ya pili maana yake haiwaki, si unaona "correct" na "incorrect"? Fundi akacheka, akafungua kamusi kwenye simu. Zote mbili maana yake ni kitu kinachoshika moto upesi. Zote!

Sasa nauliza wenye lugha zao: hii "in-" inakanusha au ni pambo? Na kama ni pambo, kwa nini nilipie herufi mbili za bure?

#2 Kobe wa Ujiji
Naweka kambi hapa. Chai iko jikoni.

#3 Chaki Nyeupe
Tenki Tupu, swali zuri, na hujakosea peke yako. Katika Kilatini kulikuwa na "in-" mbili, zimefanana sura kama mapacha lakini mama zao mbalimbali.

Ya kwanza ni ya kukanusha: "incorrect", "invisible", "incurable". Ya pili ni ile "in" ya "ndani" au "kuingia". "Inflammare" ya Kilatini ni kutia moto ndani ya kitu, kukiwasha. Ukiongeza "-bilis" unapata kitu kinachoweza kuwashwa. Kwa hiyo "inflammable" ndiyo ya zamani, "flammable" ndiyo mgeni. Imeonekana kwenye maandishi ya Kiingereza tangu 1813, ikakaa pembeni muda mrefu.

Kwa Wafaransa hakuna tatizo. "Inflammable" ni inayowaka, na wakitaka kukanusha wanaweka "in-" juu ya "in-": "ininflammable". Waitaliano vilevile, "infiammabile" na "ininfiammabile".

#4 Kobe wa Ujiji
"Ininflammable"? Hapo fundi wa herufi anajenga ghorofa.

#5 Nesi wa Zamu ya Usiku
Sisi wa wodini hizi mbili tunalala nazo. Ndani ya saa moja nasema "injection", "infusion", "incision", zote ni za kuingiza kitu au kukata kuingia ndani. Halafu nageuka upande wa pili: "insomnia", mgonjwa hana usingizi, na "incontinence", mnaijua wenyewe. Hakuna aliyewahi kudhani "injection" ni kutochoma sindano. Kichwa kinajua bila kuambiwa. Ila mkiniuliza kinajuaje, sina jibu.

#6 Bahari Kuu
Kichwa kinajua kwa sababu "jection" peke yake haipo. "Flammable" ipo, ndiyo maana tunapotea.

#7 Msomaji wa Magazeti
Naomba nitofautiane na Mwalimu Chaki. Nilichosoma mimi ni kwamba "flammable" imeletwa na kampuni za bima Marekani. Kulikuwa na mkaguzi wa moto wa bima, Benjamin Lee Whorf, huyo huyo aliyekuja kuwa mwanaisimu maarufu. Watu walikuwa wanavuta sigara karibu na mapipa ya INFLAMMABLE wakidhani hayawaki, wakaungua, Whorf akabadilisha neno.

#8 Chaki Nyeupe
Nusu nakupa, nusu nakunyima. Whorf kweli alikuwa mkaguzi wa kinga ya moto wa kampuni ya bima ya Hartford, na kweli alikuwa mwanaisimu. Lakini mfano wake maarufu si "inflammable". Ni neno "tupu". Aliona watu wako makini sana karibu na mapipa yaliyojaa petroli, ila kwenye mapipa "matupu" wanavuta sigara bila wasiwasi. Pipa lililojaa linatisha, kumbe lile lililomwagwa ndilo limejaa mvuke, na mvuke ndio unaolipuka.

Waliosukuma "flammable" itumike badala ya "inflammable" ni chama cha Marekani cha kinga ya moto, NFPA, miaka ya 1920. Sababu ni hiyo hiyo yako, Tenki Tupu: watu walidhani "in-" inakanusha.

#9 Tenki Tupu
Mwalimu, hapo kwenye pipa tupu umenigusa. Jina langu humu nililiweka kwa utani, lakini kila dereva wa mafuta anajua tenki tupu ndilo la kuogopa. Niliwahi kuona fundi wa kuchomelea anataka kuziba ufa kwenye tenki lililomwagwa jana yake. "Si halina kitu?" Tulimkimbilia tukamnyang'anya mashine. Mpaka leo ananinunia.

#10 Mama Ntilie Mwandamizi
Kumbe watu wote wanahitaji somo la "tupu", si la "in-".

#11 Ruzizi
Bandugu, jambo. Niko Bukavu, kazi yangu ni kutafsiri ripoti, Kifaransa kwenda Kiingereza na kurudi. Mnalia na "inflammable" kwa sababu hamjakutana na "inhabité".

Kifaransa: "inhabité" ni mahali PASIPO na watu. Kiingereza: "inhabited" ni mahali PENYE watu. Herufi karibu zile zile, maana zimepeana mgongo. Wafaransa wamechukua "habité" (pana watu) wakabandika ile "in-" ya kukanusha. Waingereza wamechukua Kilatini "inhabitare", kukaa ndani ya mahali, na "in-" hapo ni ya ndani. Wakitaka kukanusha wanaleta "un-" yao: "uninhabited". Kihispania na Kiitaliano wako upande wa Wafaransa.

Hadithi yangu: mwenzangu alitafsiri "zone inhabitée" kuwa "inhabited area". Shirika moja likapangia kisima kilima ambacho hata mbuzi hawapandi. Wahandisi walifika na ramani yao, wakakuta mawe.

#12 Kobe wa Ujiji
Ruzizi umeua. Chai imenipalia.

#13 Otis wa Kisumu Ndogo
Nami nilipata barua ya kuagwa kazini, imeandikwa "your invaluable service". Nikasoma mara tatu. Valuable ni ya thamani, in-valuable basi ni isiyo na thamani? Nikajiambia hawa watu wamenitusi kwa herufi kubwa. Nikakaa na hasira wiki mbili kabla binti yangu hajanieleza ni thamani isiyokadirika.

#14 Nesi wa Zamu ya Usiku
Pole Otis 😂 Na hiyo "in-" kweli inakanusha. Inakanusha kukadiria, haikanushi thamani.

#15 Chaki Nyeupe
Niongeze zile zilizojificha, maana utamu uko huko. "Enemy" ya Kiingereza, "ennemi" ya Kifaransa, "enemigo" ya Kihispania: zote ni "inimicus", yaani in + amicus, asiye rafiki. "In-" imevaa kanzu ya "en-" ikapita mlangoni bila kuulizwa kitambulisho. "Infant" nayo ni "infans", asiyesema. Kutoka hapo Kiitaliano kikapata "infante", kijana, halafu askari kijana wa miguu, ndipo ikazaliwa "infantry".

#16 Afande Mstaafu
Kwa hiyo mimi miaka 27 nimekuwa kwenye kikosi cha wasiosema? Ndivyo ilivyokuwa, hamjakosea.

#17 Sauti ya N
Nimesoma kimya tangu juu, sasa niingie. Swali la dereva lina ngazi moja zaidi. Hiyo "in-" ya kukanusha ya Kilatini, "un-" ya Kiingereza na Kijerumani, na "a-/an-" ya Kigiriki (anemia, amnesia, atomu) ni neno MOJA. Na sisi Waswahili tuna bahati ya kulielewa kuliko Mzungu mwenyewe.

Semeni "mtu". Semeni "nchi", "nne". Ile m na n ya mwanzo imesimama yenyewe kama silabi, haina vokali. Sasa msikilizeni mgeni akijifunza: atasema "mutu", mwingine "emtu", mwingine "inchi". Kila mmoja anaweka vokali pale anapoona ulimi wake unateleza.

Wataalamu wanasema lugha mama ya zamani ya Ulaya, Uajemi na India ilikuwa na kikanushi hicho hicho: n iliyosimama peke yake kama silabi. Watoto walipotawanyika kila mmoja akaweka vokali yake. Kilatini "in-". Kijerumani na Kiingereza "un-", Kiholanzi "on-". Wagiriki na Wahindi wa Kisanskriti wakaweka "a-", n yenyewe wakaibakisha mbele ya vokali tu. Watu wa kaskazini walianza na "un-" wakaiangusha n: Kiswidi "o-", Kidenmaki na Kinorwe "u-", Kiaislandi "ó-".

Mfano mmoja unatosha. Kisanskriti "amrita", isiyokufa. Kigiriki "ambrosia", chakula cha miungu wasiokufa. Kilatini "immortalis". Ni neno lile lile lililokwenda shule tatu. Rafiki zenu wanaoitwa Amrit wanatembea na kikanushi hicho tangu kuzaliwa.

#18 Bahari Kuu
Na "in-" kugeuka "im-", "il-", "ir-"? Impossible, illegal, irregular?

#19 Sauti ya N
Ulimi haupendi safari ndefu. Sisi tunafanya nini? Ubao, mbao. Ulimi, ndimi. Kamba -refu ikawa ndefu. N yetu nayo inabadilika kwa jirani yake, au jirani anabadilika kwa ajili yake.

#20 Kijana wa Jana
Mmesahau "impotent" kwa makusudi au kwa heshima ya wazee?

#21 Afande Mstaafu
Kijana, kaa kimya kama infantry.

#22 Mkwezi wa Hamburg
Moin kutoka bandarini, mimi mtu wa Tanga niliyepotelea Ujerumani. Sauti ya N anasema "un-" ni kikanushi. Njoo huku uone maajabu. "Kosten" ni gharama, na "Unkosten" ni... gharama. "Menge" ni wingi, "Unmenge" ni wingi wa kupindukia. "Wetter" ni hali ya hewa, "Unwetter" ni dhoruba, wala si ukosefu wa hali ya hewa! "Kraut" ni mmea, "Unkraut" ni gugu. Waholanzi nao "onkruid", Waswidi "ogräs", gugu vilevile.

Na mfalme wa wote: "Untiefe". Tiefe ni kina. Kwa baharia, Untiefe ni mahali maji ni machache, meli inapanda mchanga. Kwa mtu wa mitaani, Untiefe ni kina kirefu cha kutisha. Kamusi inabeba maana zote mbili bila aibu. Siku ya kwanza kwenye boti nikaambiwa mbele kuna Untiefe, mimi nikajua twende tu, maji ni mengi. Nahodha alinitazama kama Unkraut.

#23 Sauti ya N
Hapo wenyewe hawajaelewana. Wapo wanaosema "un-" ilianza kama "si", ikateleza ikawa "si kama inavyotakiwa", yaani mbaya. Gugu ni mmea usio mmea wa kufaa. Wengine wanasema iliteleza upande wa pili: "si ya kawaida", kwa hiyo imezidi. Mimi naona zote mbili zilitokea, kila neno na bahati yake.

#24 Mama Ntilie Mwandamizi
Jamani mnaenda Ujerumani wakati dawa iko jikoni. Mtu akifanya ukatili mnasemaje? "Huyo si mtu." Mmekanusha utu wake? Hapana, mnamwambia mbaya.

#25 Mkwezi wa Hamburg
Mama! Kijerumani ni "Unmensch", si-mtu, katili. Neno kwa neno!

#26 Mama Ntilie Mwandamizi
Subiri sijamaliza. Na mteja akisifia pilau anasema "si mchezo". Biashara ikiwa nzuri unasema "si haba". Hiyo ndiyo Unmenge yako. Tunakanusha udogo ili tuseme ukubwa. Wala hatukwenda chuo.

#27 Chaki Nyeupe
Mama Ntilie, nakuachia chaki.

#28 Otis wa Kisumu Ndogo
Lakini swali. "Undo", "unlock", "untie". Hapo "un-" haikanushi, inarudisha nyuma. Kufungua si kutofunga.

#29 Sauti ya N
Umeona mbali. Hiyo "un-" ya vitenzi ni nyingine kabisa, imefanana tu kwa ajali. Ni ndugu wa "ent-" ya Kijerumani na "ont-" ya Kiholanzi, na kwa mbali "anti" ya Kigiriki na "ante" ya Kilatini. Sisi kazi hiyo tunaiweka mkiani: funga, fungua, ziba, zibua, kunja, kunjua, tega, tegua, vaa, vua. Kwa hiyo Kiingereza nacho kina mapacha wa uongo wawili, "un-" na "un-", kama "in-" na "in-" za Kilatini.

#30 Kijana wa Jana
Mimi naona nyote mnazunguka. "In-" zote ni moja. Kitu kikiingia ndani hakionekani, kisichoonekana hakipo. Ndani ni sawa na hapana. Mjadala umekwisha.

#31 Nesi wa Zamu ya Usiku
Kwa hiyo dawa nikiingiza mwilini haipo? Wagonjwa wangu watafurahi kusikia bili.

#32 Pwani ya Muttrah
Assalaam alaykum, niko Muscat. Kuna Mwajemi aliniambia neno "nahodha" ni "nā" ya kukanusha na "khodā", Mungu. Yaani "asiye Mungu", maana baharini yeye anajifanya ndiye, lakini siye. Nikaona tamu sana. Naomba mthibitishe.

#33 Sauti ya N
Wa alaykum salaam. Tamu, lakini ni utani wa maneno. "Nā" ya kukanusha ipo kweli katika Kiajemi, ila hii siyo. Ni "nāv", chombo cha majini, na "khodā" kwa maana yake ya mwenye kitu, bwana. Mwenye chombo. Na hiyo "nāv" ni ndugu wa "navis" ya Kilatini na "naus" ya Kigiriki, ndiyo Mwingereza ana "navy" na "nautical". Nahodha wetu na jeshi la maji la Uingereza wanachangia babu.

#34 Pwani ya Muttrah
Nitamwambia. Hatakubali.

#35 Bahari Kuu
Mimi pia sikubali, ile ya asiye Mungu ina mantiki zaidi. Umewahi kupanda jahazi?

#36 Mchanga wa Mwadui
Nimekulia kwenye almasi, Shinyanga. Mzee mmoja alituambia hata neno "almasi" lina kikanushi cha Kigiriki ndani yake. Kweli au porojo?

#37 Chaki Nyeupe
Njia yenyewe inajulikana. Kiswahili kimelitoa Kiarabu, "almās", nacho kimelitoa Uajemi, na huko lilifika kutoka Kigiriki "adamas". Maelezo ya siku zote ni a- ya kukanusha na "damaō", kutiisha au kufuga: kisichotiishika. Hiyo "damaō" ni ndugu wa "tame" ya Kiingereza. Waingereza wao walilipata "adamas" kupitia Kifaransa wakaishia na "diamond", a- imedondoka njiani. Yetu imebaki mwanzoni, tena Waarabu wenyewe wengine wakadhani "al" ni ile "al" yao, wakasema "mās".

#38 Sauti ya N
Niweke pingamizi dogo. Wapo wasomi wanaoona "adamas" si Kigiriki asilia, ni neno la kigeni, pengine la Kisemiti, ambalo Wagiriki walilisikia wakalivalisha a- yao ili lieleweke. Yaani walifanya kama yule Mwajemi wa Muttrah na nahodha.

#39 Mchanga wa Mwadui
Kama ni hivyo limetoka kwa Wasemiti, likaenda kwa Wagiriki, likapita kwa Waajemi, likarudi kwa Waarabu, likashuka pwani, likafika Shinyanga kukuta mawe yenyewe yamelala ardhini mpaka 1940 Williamson, yule mjiolojia wa Kanada, alipoyaona. Neno limetembea kuliko dereva wetu.

#40 Theluji Nyingi
Niko Helsinki, naongeza moja halafu nalala. Wafini wako Ulaya lakini lugha yao si ya ukoo huo. Hawana "in-" wala "un-" ya asili. Wana "epä-", na hiyo imetokana na kitenzi chao cha kukanusha. Ndiyo, kitenzi! Huku "hapana" inanyambuliwa kwa nafsi: en, et, ei, emme, ette, eivät. Mwalimu wangu alidhani nitateseka. Nikamwambia, kwetu si-, hu-, ha-, hatu-, ham-, hawa-. Wanafunzi wa Kijerumani walikuwa wanalia, mimi nakunywa kahawa.

#41 Ruzizi
Sasa dereva, umeandika ipi? Tumezunguka dunia.

#42 Tenki Tupu
Wakuu asanteni. Nilimwambia tajiri habari ya Wamarekani na Wafaransa. Akasema hili trela linaweza kufika Lubumbashi, kule wanasoma Kifaransa, kwa hiyo andika INFLAMMABLE, Mwingereza ataelewa na Mfaransa ataelewa. Nikamkumbusha kibao cha rangi ya machungwa chenye 33 juu na 1203 chini kinasema petroli kwa lugha zote. Akasema weka vyote.

Fundi kamaliza leo jioni. Nimepiga picha, nimelipa, nimefika nyumbani ndipo nikahesabu. Kaweka M moja. INFLAMABLE.

#43 Mkwezi wa Hamburg
Hicho ni Kihispania safi. Hawana M ya pili.

#44 Tenki Tupu
Alinichaji herufi kumi na moja.